Boxer 150 kuzunguka Ziwa Victoria: siku 12 zinatosha?

Swali: Naishi Arusha, nina Boxer BM 150 niliyoinunua kwa mtu miaka mitatu iliyopita. Mwezi wa saba nataka kuzunguka Ziwa Victoria peke yangu: Nairobi, Kampala, Kigali, kisha nirudi kupitia Rusumo na Singida. Nina siku 12 za likizo. Wenzangu wanasema cc 150 haiwezi safari hiyo. Ni kweli? Na nijiandae vipi kwa makaratasi, vipuri na njia?

Jibu: Pikipiki inaweza. Boxer ndiyo inayobeba abiria wawili na gunia la viazi kwenye milima ya Kabale kila siku, kwa hiyo mtu mmoja na mzigo wa kilo 12 haumpi mnyama huyo kazi mpya. Kinachoutia kasoro mpango wako ni zile siku 12, na baada ya hapo makaratasi. Injini tutaizungumzia tatu.

Tuanze na hesabu. Njia uliyoitaja, ukipitia Nakuru, Kisumu, Busia, Jinja, Masaka, Kabale, Kisoro, Musanze, Kigali, Rusumo, Kahama, Nzega, Singida na Babati, ni karibu km 2,700. Kwenye tambarare Boxer hutembea bila kulalamika kwa km 65 hadi 70 kwa saa. Ukihesabu matuta ya vijijini, malori milimani, kujaza mafuta na kunyoosha mgongo, wastani unashuka mpaka km 45 kwa saa. Hizo ni saa 60 barabarani. Mtu mmoja kwenye kiti cha Boxer akizidisha saa sita kwa siku, siku ya tatu mikono inakufa ganzi na macho yanaanza kuona barabara bila kuisoma. Saa 60 kwa sita ni siku kumi za kuendesha tu. Ongeza mipaka minne, ambayo kila mmoja unastahili kuutengea saa moja na nusu na usishangae ikifika tatu. Katika siku 12 hutaona Kisumu, Jinja wala Ziwa Bunyonyi. Utaona vituo vya mafuta.

Omba siku 16. Wanaoshindwa safari hii kwa kawaida hawashindwi na umbali. Wanachelewa asubuhi, mpaka unakula mchana, kisha wanaendesha usiku ili kufika walikolipia chumba. Usiku ndipo kuna lori lililoharibika lisilo na taa katikati ya njia, ng'ombe, na baiskeli zisizo na reflekta. Weka sheria moja: kuondoka saa 12 na nusu asubuhi, na ikifika saa 10 jioni uwe umeshaona mahali pa kulala. Usilipie vyumba mapema isipokuwa Kigali. Miji mingine yote ya njia hii ina gesti za kutosha, na chumba ulicholipia kilomita 90 mbele ni kishawishi kibaya.

Mwezi wa saba umechagua vizuri. Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda ni kiangazi, na barabara ya Kisoro huwa kavu. Kericho haifuati kalenda hiyo: mvua hunyesha mchana karibu mwaka mzima, ndiyo maana chai inastawi pale. Limuru asubuhi ya Julai ni ukungu na baridi ya kukausha vidole.

Uelekeo uliouchagua, kaskazini kwanza na Rusumo mwisho, ndio sahihi, usiugeuze. Kipande kirefu chenye huduma chache ni kile cha Rusumo hadi Singida. Ukikifikia ukiwa na pikipiki iliyochoka, ni heri kiwe nyumbani, ambako laini yako ya simu inafanya kazi, fundi anazungumza lugha yako na vipuri vya Boxer vinauzwa hata kijijini.

Makaratasi

Umesema ulinunua kwa mtu. Itazame kadi ya pikipiki leo, siyo wiki ya safari. Kama bado ina jina la aliyekuuzia, badilisha umiliki TRA kabla ya kununua hata kiberiti cha safari. Forodha ya nchi jirani haiwezi kujua kama umenunua au umeiba. Kama pikipiki ni ya ndugu au kampuni, unahitaji barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili, yenye jina lako na namba ya pasipoti, namba ya usajili, namba ya chesisi na ya injini, nchi utakazopita na tarehe za kwenda na kurudi. Kama ina mkopo, aliyekukopesha naye aandike barua. Kisha lala chini na tochi: linganisha namba iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na ile ya kwenye kadi, halafu ya injini. Boxer zilizobadilishwa injini ni nyingi kuliko wenyewe wanavyokumbuka, na mpakani ndipo huwa wanakumbushwa.

Pasipoti chukua, ya Afrika Mashariki inatosha. Utasikia kwamba kitambulisho cha taifa kinavusha mtu kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Hiyo ni kwa raia wa nchi hizo tatu. Wewe wa Tanzania usiijaribu. Leseni yako ya Tanzania inakubalika katika nchi zote nne, ila hakikisha ina daraja la pikipiki ya ukubwa wako. Wengi wanaendesha 150 kwa leseni ya gari tu, na hapa nyumbani inapita kwa maelewano.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano: Uganda wanakitaka. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kile cha zamani kimeandikwa miaka 10.

Bima ndiyo watu huichanganya zaidi. Bima yako ndogo ya Tanzania inaishia Namanga. Nenda kwa kampuni iliyokukatia, omba Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka, ambayo wengi huiita tu COMESA. Hutolewa juu ya bima uliyo nayo, kwa hiyo bima ya msingi isiishe katikati ya safari. Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo kwenye mpango huo. Hakikisha majina ya nchi zote tatu yameandikwa na tarehe zina siku tano za ziada. Lakini elewa inachofanya: inamlipa uliyemgonga. Haitengenezi pikipiki yako wala haikulipii mguu. Kwa mguu unahitaji bima ya safari ya matibabu, na hapo soma maandishi madogo, maana nyingi zinamkataa mwendesha pikipiki yenye zaidi ya cc 125. Ya kwako ni karibu 145. Ukisema tu "nasafiri Kenya" utauziwa ile isiyokuhusu.

Namanga, Busia na Rusumo ni mipaka ya kituo kimoja. Maana yake unapita jengo la nchi unayotoka bila kusimama, unasimama kwenye jengo la nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wamekaa humo dirisha kwa dirisha. Wageni wengi hupoteza saa nzima upande usio wao. Ndani, anza na uhamiaji: mhuri wa kutoka, kisha wa kuingia. Halafu forodha, ambako kwanza kutoka kwa pikipiki kunarekodiwa, kisha unapewa kibali cha muda cha kuiingiza. Kabla hujaondoka dirishani, soma kibali herufi kwa herufi: namba ya usajili, chesisi, idadi ya siku. Kosa la tarakimu moja linasahihishwa hapo kwa dakika mbili, lakini ukiligundua upande wa pili wa nchi ni siku nzima. Utafuatwa na vishoka, mawakala wasio rasmi, wenye vitambulisho shingoni. Kama kuna hatua inayohitaji wakala, ofisa mwenyewe atakuambia. Mlipe mtu mwenye ofisi na risiti.

Na wakati wa kutoka, kibali kile lazima kifungwe. Usipokifunga, kwenye mfumo wa forodha pikipiki yako inaonekana bado iko Uganda, siku zikiisha inahesabiwa imeingizwa bila ushuru, na deni linabaki kwenye namba yako likikungoja safari ijayo. Cyanika, unakotokea Uganda kuingia Rwanda, ni mpaka mdogo. Pale uliza upande wa Uganda kwanza kama kibali kimefungwa, ndipo uvuke.

Piga picha makaratasi yote, yatume kwenye barua pepe yako, na uwe na nakala mbili mbili za karatasi. Mashine ya kutoa kopi mpakani huharibika siku unayoihitaji.

Pikipiki

Fanya matengenezo wiki mbili kabla, siyo jioni ya kuamkia safari, ili kilichofungwa vibaya kilegee ukiwa bado Arusha. Badilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili kwa mpigo. Cheni mpya juu ya sproketi iliyokwisha meno huliwa haraka. Cheni mpya hurefuka mwanzoni, kwa hiyo iendeshe km 300 hadi 500 kisha uikaze ndipo uondoke. Uchezaji wake uwe sm 2.5 hadi 3.5 katikati, ukiwa umeikalia au mzigo uko juu. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu, ukipanda inakuwa kama uzi wa gitaa na inakula beringi ya gia. Kila jioni, ikiwa bado ya moto, ipake oili ya gia namba 90 upande wa ndani na ufute inayomwagika. Asubuhi ni kazi bure, oili haiingii kwenye cheni baridi.

Tairi: kama la nyuma limebakiza chini ya nusu, weka jipya, la 3.00-17. Beba tyubu mbili, ya nyuma na ya mbele (2.75-17). Nafasi ikibana, beba ya nyuma tu, kwa sababu itaingia mbele kwa shida lakini ya mbele nyuma haidumu. Upepo uwe psi 25 mbele na 32 nyuma ukiwa na mzigo, na upime kabla ya kuondoka asubuhi tairi likiwa baridi. Siyo kila pancha ya safari hutoka kwenye msumari. Upepo ukipungua, tairi huteleza juu ya rimu, linaivuta tyubu, na vali inakatika shingoni. Pale kiraka hakisaidii.

Breki zako ni za dramu mbele na nyuma, na hizo ndizo udhaifu halisi wa pikipiki hii. Ukiteremka mlima mrefu umekanyaga breki mfululizo, dramu inapata moto, inatanuka na kuziacha shuu nyuma, na shuu zenyewe zinang'aa kama kioo. Mkono unazama, pikipiki haisimami. Weka shuu mpya, kisha milimani teremka kwa gia ya tatu, gesi umefunga, na breki ziguswe kwa vipindi vifupi. Kanuni ya madereva wa zamani bado ni nzuri: teremka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia.

Kupanda pia kutakushangaza. Kila mita 100 za mwinuko injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu. Arusha umeshazoea mita 1,400; juu ya milima ya Mau, Kenya, na kwenye njia ya Kabale kwenda Kisoro unapita mita 2,400, kwa hiyo utakosa moja ya kumi ya nguvu unayoijua. Hewa ni nyembamba, mafuta yanazidi, moshi unakuwa mweusi kidogo. Usimruhusu fundi yeyote afungue kabureta "kurekebisha". Ukishuka itarudi yenyewe.

Vipuri: kebo ya klachi, kebo ya gesi, plagi moja, kiungo cha cheni, shuu za nyuma, balbu ya mbele, fyuzi, nati na bolti za keria, waya mwembamba, gundi ya bolti, viraka, pampu, vyuma viwili vya kutolea tairi, na spana zinazoingia kwenye pikipiki yako kwa kujaribiwa, maana seti za dukani huwa na saizi tano usizozihitaji na kukosa ile ya ekseli ya nyuma. Kebo mpya ya klachi usiiweke kwenye begi. Ilaze sambamba na ya zamani, ifunge kwa vibanio vya plastiki na uzibe ncha zake. Ya zamani ikikatika, unahamisha vichwa viwili tu na kuondoka.

Oili ni 20W-50. Mwaga ya zamani Arusha, na mwaga tena Kigali, ambapo utakuwa umekaribia km 1,600. Ila vipuri vyenyewe nunua Uganda, Mbarara au Kabale, kama kuna kinachoelekea kuisha: Uganda imejaa Boxer, lakini pikipiki za abiria za Kigali nyingi ni TVS, na utazunguka maduka ukitafuta shuu.

Tanki la lita 11 kwa wastani wa km 40 kwa lita ni zaidi ya km 400. Dumu la akiba ni mzigo na harufu tu. Safari nzima ni lita 68. Weka bajeti ya 75. Mzigo usivuke kilo 15, vitu vizito (spana, tyubu) vikae chini na karibu na mgongo wako. Vikikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unatikisika ukifika km 70.

Njia

Siku ya kwanza usiingie Nairobi. Vuka Namanga, lala Kitengela. Kesho yake alfajiri shika barabara ya Mombasa, kisha Southern Bypass hadi Gitaru, na umetoka mjini bila kuona katikati yake. Ile barabara ya juu ya kulipia hairuhusu pikipiki. Lala Nakuru. Kutoka Nakuru pita Salgaa na Sachangwan kwa uangalifu, maana wewe unapanda na malori yanateremka kwako, na lililokosa breki huja upande wako. Mau Summit pinda kushoto, na uwe umeshaimaliza Kericho kabla ya saa saba mchana. Pumzika Kisumu siku moja.

Kisumu hadi Jinja kupitia Busia ni km 240 na mpaka ndani yake, siku nzima. Darajani Jinja usipige picha, askari wapo na hawana utani. Kampala nayo izunguke: Northern Bypass kutoka Bweyogerere hadi Busega, kisha barabara ya Masaka, na kwa Kayabwe unavuka ikweta. Masaka hadi Kabale, siku ya kupumzika Bunyonyi, halafu Kisoro na Cyanika.

Cyanika unahamia mkono wa kulia. Saa ya kwanza hutakosea kwa sababu unaogopa. Utakosea kesho yake asubuhi, au ukitoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Bandika utepe mwekundu wenye mshale juu ya tanki. Kwenye mizunguko unaingia kuelekea kulia. Rusumo mambo yanarudi kushoto, na kosa ni lile lile upande wa pili.

Rwanda ina kamera za mwendo kila mahali. Kipande kikubwa ni 60, na kwingine hufika 80 pale tu kibao kinaposema. Kaa 60 uendelee kutazama vilima. Usijaribu kumpa trafiki kitu. Huko unatoka na kesi badala ya faini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, hivyo nguo zako zifunge kwa turubai au mifuko ya kitambaa. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Unapoingia unazawadiwa saa, unapotoka unanyang'anywa: saa 4 asubuhi ya Rusumo upande wao ni saa 5 upande wetu.

Kwa hiyo siku ya Kigali hadi Nyakanazi ondoka mapema kabisa. Jaza tanki kabla ya Rusumo, pita Benaco na Lusahunga mchana kweupe, kwa sababu ni pori refu lenye malori na watu wachache. Siku inayofuata Runzewe, Ushirombo, Masumbwe, Kahama, hadi Nzega. Kisha Igunga na mlima wa Sekenke, ambao kwa uelekeo wako unaupanda. Singida upepo wa ubavuni ni mkali mchana. Lori likikupita, upepo unakatika ghafla kisha unakurudia kwa nguvu, kwa hiyo shika usukani bila kuukaza na ukae katikati ya upande wako. Katesh pana gesti nzuri chini ya Hanang, na kutoka hapo Arusha ni nusu siku ndefu. Ndani ya Tanzania ni 50 vijijini, na tochi za trafiki za kupima mwendo zinakaa pale kibao cha kumaliza 50 kinapochelewa kuonekana.

Kama mwajiri hakuongezi siku

Basi usiibane njia hii ndani ya 12. Fanya nusu ya mashariki: Arusha, Nairobi, Nakuru, Kisumu kama nilivyoeleza, halafu shuka Kisii na Migori, vuka Isebania kuingia Sirari, kisha Tarime, Bunda, Mwanza, Shinyanga, Nzega, Singida, nyumbani. Ni karibu km 1,900, mipaka miwili, upande mmoja wa barabara mwanzo hadi mwisho. Ni siku nane za kuendesha, nne zinabaki za Kisumu, Mwanza na dharura. Kadi ya Njano iandikwe Kenya tu.

Ukifika Bunda, ramani ya simu itakuambia kuna njia fupi ya kwenda Arusha kupitia Serengeti na Ngorongoro. Pikipiki haziruhusiwi hifadhini, na geti la Ndabaka watakugeuza. Endelea na Mwanza.